Zebaki Mtoni: Kwa Nini Kipimo cha Maji Pekee Hakitoshi Kahama

Kwa wakazi wa Kahama na ukanda wa dhahabu unaopakana na Geita, taarifa kwamba maji ya mto yapo ndani ya kiwango kinachokubalika ni habari njema. Hata hivyo, taarifa hiyo hujibu swali moja tu. Swali la pili, lenye uzito kwa afya ya miaka ijayo, ni kiasi gani cha zebaki kimetuama katika tope la mto huo.

Wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye makarasha, huosha mchanga kwenye mialo, hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma donge linalopatikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu kaskazini mwa Tanzania na Zimbabwe ulikadiria kuwa kila gramu moja ya dhahabu iliambatana na upotevu wa gramu 1.2 hadi 1.5 za zebaki. Asilimia 70 hadi 80 ya zebaki hiyo ilipotea hewani, na iliyosalia iliingia katika marudio, udongo, mashapo na maji.

Zebaki ikifika mtoni hujishikiza kwenye chembe laini za udongo na kuzama. Ndiyo maana chupa ya maji yaliyotulia yaweza kuonesha kiasi kidogo ilhali tope lililo chini yake lina kiasi kikubwa. Aidha, mito mingi ya Kahama ni ya msimu. Wakati wa kiangazi hakuna maji ya kupima, na mvua za kwanza hulivuruga tope na kulisukuma mbele.

Hatari haiishii hapo. Katika tope lisilo na hewa ya kutosha, bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo huingia kwa samaki na hatimaye kwa mlaji, ikiathiri zaidi ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ulaji wa samaki wenye methili-zebaki ndio uliouathiri mji wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa uliotokana nao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Vilevile, marudio yenye zebaki yanapochenjuliwa upya kwa sayanaidi, sehemu ya zebaki huyeyuka na kusafiri kwa urahisi zaidi.

Vipimo hivyo viwili pia havisomwi kwa mizani moja. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limependekeza zebaki isiyo ya kikaboni isizidi maikrogramu 6 kwa lita. Kwa mashapo ya maji baridi, Kanada hutumia miligramu 0.17 kwa kilo kama kiwango cha tahadhari. Kwa kuwa miamba yenyewe huweza kuwa na zebaki ya asili, sampuli ya juu ya mto, kabla ya mialo, ni ya lazima ili ilinganishwe na ya chini.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria, unaohudumia Kahama na Shinyanga, umepunguza utegemezi wa mito kwa maji ya kunywa. Lakini mifugo bado hunywa mtoni, bustani humwagiliwa humo na samaki huvuliwa humo.

Hivyo basi, mwananchi anaposoma tangazo la ubora wa maji hana budi kuangalia mambo manne: kilichopimwa ni maji au tope, sampuli ilichukuliwa msimu gani, ni umbali gani kutoka kwenye mialo, na imelinganishwa na nini. Tangazo linalojibu yote manne humsaidia mfugaji kuamua mahali pa kunyweshea ng'ombe wake, na mama mjamzito kuamua samaki wa kula.