Usugu wa dawa si adhabu ya mama mzembe

Kuna imani imetukaa vichwani kana kwamba ni amri ya Mungu: usugu wa dawa huwapata waliokosea. Aliyenunua vidonge vya rangi mbili bila cheti, aliyeacha dozi katikati baada ya kupata nafuu, aliyemnywesha mwanawe dawa iliyobaki ya kaka yake. Mwenye nidhamu yuko salama. Na kichanga ambaye hajaonja antibayotiki hata tone, huyo ndiyo kabisa, usugu haumhusu.

Imani hii ni tamu kwa sababu inatupatia mtu wa kumlaumu. Ila si kweli, na wanaoikanusha ni watoto wenyewe, kwenye nepi zao.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinyesi vya watoto wa Dar es Salaam walio chini ya miaka 2. Kati ya wale wazima wa afya, wanaoishi majumbani kwao, asilimia 11.6 walibeba tumboni bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja penisilini na dawa za ukoo wake, ikiwamo seftriaksoni, sindano inayokimbiliwa mtoto akizidiwa. Kati ya waliolazwa hospitalini, walikuwa asilimia 50.4. Hao waliolazwa tutawarudia. Nauliza habari za yule mmoja katika kila tisa, anayetambaa sebuleni na kuchekea kila mgeni: yeye kakosa nini?

Atakayejibu kwamba lazima kuna dawa alipewa kisirisiri, na aifikirie tetrasaiklini. Watoto wadogo kwa kawaida hawapewi, maana huharibu rangi ya meno yanayoota. Hata hivyo, utafiti uliofanywa mwaka 2002 kwa maelfu ya watoto wazima wa Bolivia na Peru, wenye miezi 6 hadi 72, uliwakuta asilimia 93 wana bakteria wa tumboni aina ya E. coli wasiotishwa na dawa hiyo. Huko huko Bolivia, katika kijiji cha Waguarani kilichojitenga mno, ambako antibayotiki zilitumika kwa nadra, watu wawili kati ya watatu walikuwa na E. coli sugu. Dozi gani waliikatisha?

Bakteria hawangoji mtu akatishe dozi. Hupeana vipande vya vinasaba vinavyoitwa plasmidi, hata kama si wa jamii moja, na kipande kimoja huweza kubeba ujanja wa kuzishinda dawa tatu, nne kwa mpigo. Kichanga huzaliwa tumbo likiwa karibu tupu, na wa kwanza kulihamia ni pamoja na hao E. coli. Anawapata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, kwenye shuka za wodi ya wazazi, mikononi mwa kila anayempakata na kusema kafanana na babu. Akianza kutambaa anawaokota uani, kwenye maji ya ndoo, kando ya choo cha shimo kilichofurika masika, kwenye banda la kuku walionyweshwa OTC, yaani oksitetrasaiklini, wiki nzima ili mayai yasipungue. Mama anaweza kuwa na nidhamu ya askari na bado mwanawe akarithi usugu wa mtaa mzima.

Sasa tazama tunavyohubiri. Tumeambiwa tumalize dozi, tusinunue dawa bila cheti, tusiazimane vidonge. Tuna kampeni ya Holela-Holela Itakukosti, jina ambalo nalipa maksi zote kwa kunata kichwani. Lakini ujumbe mwingi wa aina hii unamnyooshea kidole anayemeza dawa. Bado sijaona bango linalomnyooshea kidole aliyefungua zahanati isiyo na bomba la kunawia mikono.

Na hiyo holela, ni ya nani hasa? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu nchi nane, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, ulikadiria kwamba kwa wastani mtoto huandikiwa antibayotiki takribani mara 25 kabla ya kutimiza miaka 5. Kuandikiwa, si kujinunulia. Cheti kipo, mhuri upo, aliyeandika kavaa koti jeupe. Mwaka 2021 tukapata matokeo ya jaribio la nchi saba, Tanzania na Kenya zikiwa ndani: watoto zaidi ya 8,000 wenye kuhara majimaji, waliopungukiwa maji au wenye utapiamlo, walipewa azithromaisini au dawa bandia. Vifo havikupungua kwa waliopewa antibayotiki. (Kuhara damu na kipindupindu ni habari nyingine.) Tiba ya kuhara kwa kawaida inabaki ORS na zinki, ila mama akirudi nayo nyumbani huambiwa hakutibiwa, kaambulia maji ya chumvi, na mwandikaji wa cheti analijua hilo.

Sisemi dawa itumike ovyo. Uliyoandikiwa itumie ulivyoelekezwa, kwa sababu kila antibayotiki isiyo ya lazima huwafyeka bakteria wa kawaida na kuwaachia sugu nafasi ya kutamalaki. Ninachokataa ni kuugeuza usugu kuwa cheti cha tabia mbaya cha mtu mmoja mmoja.

Maana kukosea huku kuna gharama. Tumboni bakteria hawa hukaa kimya. Balaa huanza wakipenya kwenye damu, hasa ya mtoto mchanga au aliyedhoofu. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia watoto walioambukizwa hivyo. Waliokuwa na bakteria wenye kimeng'enya kile walifariki asilimia 71. Wenye bakteria wa kundi hilo wasio nacho, asilimia 39. Mtoto wa namna hii anahitaji damu yake ioteshwe maabara mapema ijulikane dawa ipi bado inafanya kazi, na maabara hiyo iwe karibu, si safari ya siku mbili kwa basi. Na ile nusu ya waliolazwa wanaobeba usugu inatuonyesha pa kuanzia kuuliza. Daktari akimhoji mama kama mara iliyopita mtoto alimaliza dozi, na amwulize pia mtoto alilazwa wapi, lini, wodi ilikuwa na maji ya bomba, na kitanda kile alikilalia na watoto wangapi.