Yule Mnyoo Anapumua Vipi, Mwalimu?

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha nililidanganya darasa zima la kidato cha tatu. Sikukusudia. Tulikuwa kwenye upumuaji, nimechora mitokondria ubaoni na chini yake nimeandika ile sentensi ambayo kila aliyepita kwenye baiolojia anaijua hata akiamshwa usiku: mitokondria ni kiwanda cha nishati cha seli, na kinatumia oksijeni. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akaomba aulize kwa Kiswahili. "Mwalimu, yule mnyoo anakaa tumboni, na kule hakuna hewa. Kiwanda chake kinatumia nini?"

Nikajibu haraka kwamba minyoo hawana haja ya mitokondria. Darasa likaandika. Mkaguzi wangu aliyekaa nyuma naye akaandika, na alama alizonipa siku ile zilikuwa nzuri tu.

Niliporudi chuoni swali lile halikuniacha. Nikaanza kusoma pembeni, na nilichokikuta kimenifanya niandike makala hii. Minyoo wana mitokondria, tena za ajabu kuliko zetu. Chukua Ascaris, yule mrefu kama tambi tuliyemchora wote sekondari. Yai lake linahitaji oksijeni ili likue kwenye udongo. Mtoto akiliwa na kuanguliwa, anasafiri kupitia ini hadi kwenye mapafu, na huko anapumua kwa oksijeni kama mimi na wewe. Kisha anakoholewa, anamezwa, anatua kwenye utumbo mwembamba ambako oksijeni ni haba, na hapo mitokondria zake zinabadilisha kazi. Badala ya kuzikabidhi elektroni kwa oksijeni mwishoni mwa mnyororo, anazikabidhi kwa fumareti. Hata kibebaji cha elektroni anakibadilisha: anaacha ubikwinoni, anashika rodokwinoni. Kiwanda ni kilekile, ila kimebadilishiwa mashine. Hilo ndilo jibu alilostahili yule binti, na lingetosha dakika tatu.

Sasa, mitokondria ina DNA yake yenyewe, duara dogo. Ya binadamu ina herufi 16,569 na jeni 37. Ilisomwa yote mwaka 1981. Ya Ascaris wa nguruwe ilisomwa yote mwaka 1992, ikiwa na herufi zaidi kidogo ya 14,000 na jeni 36. Iliyokosekana ni atp8, na minyoo wengi wa kundi hili hawana hiyo jeni. Zile RNA ndogo zinazobeba amino asidi, ambazo kwenye kitabu zinachorwa kama jani lenye vidole vitatu, kwa minyoo hawa nyingi zimekatwa kidole kimoja na bado zinafanya kazi. Yaani mchoro tuliokaririshwa kuwa ndio umbo la lazima, kumbe si wa lazima hivyo. Na si minyoo wote: Trichinella, yule anayepatikana kwenye nyama ya nguruwe isiyoiva, anayo atp8. Hata wao kwa wao hawafanani.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba kati ya jeni 12 za protini zilizobaki, 7 ni za kimeng'enya cha kwanza cha mnyororo, kile ambacho mnyoo mzima anaendelea kukitegemea gizani mle tumboni. Jeni za kushughulika na oksijeni nazo amezitunza, ingawa utu uzima wake hauzihitaji sana. Mtoto wake atazihitaji.

Najua kuna atakayesema: "Ya nini yote haya kwa mwalimu wa sekondari? Acha watu wa tiba wasome." Niliambiwa hivyo hivyo nilipoomba kukaa kwenye kozi ya vimelea kama msikilizaji tu. Nikaambiwa watu wa elimu wanatosheka na slaidi zao. Slaidi zenyewe ni desa lililopita mikono mingi kiasi kwamba kuna ukurasa umepigwa picha pamoja na kidole cha mtu.

Jibu langu ni Pemba. Minyoo ya safura ni ya aina mbili kubwa, Necator na Ancylostoma. Ukiangalia mayai yao kwa hadubini huwezi kuwatofautisha. Lakini Ancylostoma mmoja hunyonya damu mara kadhaa zaidi ya Necator mmoja, na utafiti uliofanywa Pemba kwa watoto wa shule miaka ya 1990 ulionyesha kuwa penye Ancylostoma wengi ndipo upungufu wa damu ulipokuwa mkubwa. Wakati ule ilibidi mayai yalelewe hadi yawe mabuu ndipo mtu ajue yupi ni yupi. Leo kipande cha DNA kinatosha, na mara nyingi watafiti huchagua jeni ya mitokondria kwa sababu kila seli ina nakala zake nyingi na hubadilika haraka kiasi cha kutenganisha ndugu wa karibu. DNA hizo za Necator na Ancylostoma zote mbili zilichapishwa mwaka 2002. Mimi na wewe tulikuwa tunajifunza kutembea, au hatujazaliwa.

Mtoto anayesinzia darasani kwa kukosa damu atakuwa mbele ya nani? Mbele yetu. Vidonge vya minyoo vinagawiwa wapi? Shuleni, na mwalimu akisimamia mstari. Mzazi akija kuuliza kwa nini mwanawe anameza kila mwaka na minyoo wanarudi, hatamtafuta profesa, atakuja ofisi ya walimu. Halafu tunaambiwa hatuhitaji.

Simlaumu mhadhiri mmoja mmoja, wengine wana wanafunzi mia sita ukumbini na kipaza sauti kibovu. Lakini kozi ya vimelea ipo, maabara ipo, na Jumatano mchana hadubini zile zimefunikwa plastiki, nimeziona mwenyewe dirishani. Nimewapa wawakilishi wa kozi ombi la maandishi: watu wa elimu wa mwaka wa tatu waruhusiwe kuichukua kama kozi ya hiari kuanzia muhula ujao. Karatasi ya saini iko kwa mwakilishi wa darasa letu. Hadi jana usiku tulikuwa 41.

Na kwa yule binti nimeandika kurasa mbili kwa Kiswahili, na mchoro juu, nikamtumia mwalimu wake wa baiolojia. Sentensi ya kwanza inasema nililowajibu siku ile halikuwa sahihi.