Ushindani Unaoishia Mjini

Yako maneno ambayo yakirudiwa mara nyingi watu huacha kuyapima. Mojawapo ni neno ushindani. Wanaolihubiri hudai kwamba makampuni ya simu yakiachwa yashindane pasipo kuguswa, bei zitashuka, mitambo itaongezeka, na intaneti itamfikia mkulima wa mwisho kama maji yafuatavyo mteremko. Hoja hiyo hupokelewa kwa heshima hata katika ofisi za umma na vyumba vya walimu. Yafaa ipimwe kwa mizani ya Ufipa, maana huko ndiko inakopwaya.

Mjini Sumbawanga ushindani upo, wala hapana sababu ya kuukana. Mteja asiyeridhika na kampuni moja huvuka barabara akaingia katika kibanda cha nyingine. Lakini atokaye mjini na kushuka kwenye bonde la Ziwa Rukwa, au kuelekea vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, hukuta kwamba kadiri nyumba zinavyotawanyika ndivyo minara inavyoadimika. Mahali penye mnara mmoja hapana ushindani. Pana muuzaji mmoja, na mbele yake mnunuzi asiye na pa kwenda. Kampuni haitendi dhambi kwa hilo. Mnara wa kijijini hutaka nishati, walinzi na njia ya kuufikia, nao huhudumia watu wachache wanaonunua kidogo. Hiyo ndiyo hesabu ya kampuni, na kampuni inajua kuhesabu. Kosa ni la wale wanaotaka hesabu ya kampuni igeuzwe kuwa hesabu ya taifa.

Watu hao husahau mambo ya juzi tu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, ulijengwa na Serikali. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa sababu ilikwisha kuonekana kwamba biashara peke yake haitafika kila mahali, na hadi leo ni ruzuku ya Mfuko huo inayosimamisha minara pale ambapo faida ni ndogo. Haki ya kuhama kampuni bila kupoteza namba ya simu, iliyoanza Machi 2017, ilitokana na kanuni, si hisani ya muuzaji yeyote. Ni kweli kwamba makampuni yenyewe yalikubaliana kupitishiana fedha za wateja wao. Hata hivyo M-Pesa ilikuwa imeanza nchini tangu 2008, makubaliano ya kwanza yakaja 2014, na mwenye soko kubwa kuliko wote akaingia 2016. Mwenye nyumba kubwa hana haraka ya kufungua mlango wa uani.

Ufipa uliwahi kuyaona mashindano ya namna hii zamani. Katika nyanda zake zilisimama tanuri ndefu za udongo, malungu, zilizoyeyusha mawe ya chuma, na majembe yakafuliwa papo hapo. Bondeni pamba ilifumwa ikawa nguo. Vikaja vitu vya viwandani kutoka ng'ambo kwa bei nafuu, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 malungu yakazimika moja baada ya jingine. Hakuna mwenye akili anayetaka jembe la kiwandani lirudishwe lilikotoka. Lakini yule aliyekuwa mfua chuma akawa mnunuzi tu, na bei ya jembe ikapangwa mbali naye. Simu janja nayo huja imekamilika kutoka ng'ambo. Kinachobaki Ufipa ni kamisheni ya wakala na kifurushi kilichokwisha muda wake.

Kifurushi hicho ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini. Mwalimu wa shule ya kijijini hununua kifurushi cha siku moja kwa fedha ya mfukoni mwake ili atume takwimu za shule anazodaiwa na wakubwa wake. Mtandao ukipotea kutwa nzima, saa za kifurushi huendelea kuhesabika, na usiku kinakufa bila kuguswa. Sokoni Sumbawanga hakuna muuza mahindi athubutuye kumwambia mteja kwamba debe alilokwisha kulilipia litarudi ghalani kwa muuzaji asipolila kabla ya usiku wa manane. Angezomewa. Makampuni hujibu kwamba bei ni nafuu kwa sababu ya muda huo, na asiyependa atumie salio la kawaida. Anayelitumia salio hilo kwa intaneti hujionea jinsi linavyoyeyuka.

Wanaosema bei zisiguswe wakumbuke Aprili 2021. Vifurushi vipya vilitangazwa, wananchi wakapiga kelele, na Serikali ikavisitisha. Mkono wake unafika unapotaka kufika. Serikali nayo haikukosa kujikwaa. Julai mwaka huo huo iliweka tozo juu ya miamala ya simu, na Septemba ikalazimika kuipunguza kwa asilimia 30, baada ya wanyonge wengi kuona kwamba ni heri kutembea na noti mfukoni.

Zamani ingewezekana kusema kwamba intaneti ni starehe, na anayeitaka ajitafutie. Neno hilo halisemeki tena. Tangu msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku hutolewa kwa wakulima walioandikishwa katika mfumo wa kielektroniki, na katika mkoa unaoishi kwa mahindi kukosa mbolea kwa wakati ni kukosa mwaka mzima. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu nayo hufanywa kwa mtandao na yana siku yake ya mwisho. Kijana aliyemaliza Kidato cha Sita na kurudi kwao bondeni hushindana na mwenzake wa Dar es Salaam, naye hana budi kulipa nauli kwanza hadi penye mtandao. Serikali iliyokwisha kuhamishia huduma zake huko haiwezi kuiachia njia ya kufika huko iwe shauri la muuzaji na mnunuzi.

Kwa hiyo mnara uliosaidiwa kwa fedha ya umma hauna budi kubeba mitambo ya kampuni yoyote itakayo, ili mteja wa kijijini naye apate pa kuvukia. Kifurushi kisihesabiwe muda kwa saa ambazo mtandao haukuwepo, kwani mitambo ya kampuni inazijua saa hizo. Na halmashauri za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo ziache kuridhika na ramani za makampuni. Watendaji wa vijiji na walimu wakuu waagizwe kuandika, kijiji kwa kijiji, mahali simu inaposhika na mahali isiposhika. Wengi wao hawatahitaji chombo cha kupimia, kwa maana kila siku huwaona watu wakipanda kichuguu kile kile wakiwa wameinua simu juu.