Mgeni Kaja, Mwenyeji Kapona, Mgeni Anaugua

Nimechoka kusikia Lewiston ikisifiwa. Nimechoka! Kila anayepita huku kwetu Maine, Marekani, anapiga picha maduka ya Wasomali pale Lisbon Street, anakula sambusa, anasifia mchanganyiko wa watu, kisha anakwenda zake. Mimi na wewe tunabaki, tunapanda ngazi za mbao zilizooza kurudi vyumbani.

Mji huu ulikuwa unakufa. Mwaka 1970 ulikuwa na watu zaidi ya 41,000. Kufika 2000 hawakutimia hata 36,000. Viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin vilifungwa, vijana wakahama. Mwaka 2001 wakaanza kuja Wasomali. Wakafuata Wabantu wa Somalia, ambao baadhi ya mababu zao walitolewa Uzigua, katika Tanzania ya leo, wakiwa watumwa. Tukaja na wengine, kutoka Kongo na Angola. Sensa ya 2020 ikahesabu watu 37,121. Nani alifungua yale maduka yaliyokufa? Nani aliiletea shule ya sekondari ubingwa wa soka wa jimbo mwaka 2015, kama si watoto wetu?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji kapona. Je, mgeni?

Oktoba 2002 meya Laurier Raymond aliandika barua ya wazi akitaka Wasomali wapunguze kuja. Raymond, mwenye jina la Kifaransa! Wafaransa wa Kanada ndio waliovijaza viwanda hivi, na miaka ya 1920 kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan la Maine liliwaandama wao. Hawakukaa kungoja huruma. Waliingia baraza la mji wakalishika.

Barua ile ilituuma, tukapiga kelele. Lakini lipo linalotumaliza leo, na hatulipigii kelele.

Rangi.

Nenda katazame dirisha la chumba anacholala mwanao. Nyumba nyingi za mtaa wetu wa Tree Streets zilijengwa enzi za viwanda hivyo. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, lakini ile ya zamani iko palepale, imefunikwa tu na mpya. Kila ukifungua dirisha, fremu zinasagana, vumbi linadondoka chini. Mtoto anatambaa, anashika, anatia vidole mdomoni. Hana homa. Hakohoi. Hujui kitu.

Miaka inapita, mwalimu anakuita: hatulii, hashiki masomo. Unamchapa? Unampeleka kuombewa? Ubongo wake umekwisha kuguswa, ndugu yangu, na kilichoharibika humo hakirudi. Kesho huyo ndiye tutakayemlaumu kwamba amekosa kazi nzuri. Umaskini wa mtaa huu tunaurithisha hivyo, kwa vumbi la dirisha, halafu tunashangaa kipato chetu hakipandi!

Na wewe kimya. Najua unaogopa mwenye nyumba. Najua mwombaji hifadhi anakaa miezi bila ruhusa ya kufanya kazi, na anayefanya kazi usiku kucha mshahara wake unamezwa na kodi. Mnyonge hana haki, tunaambizana, kisha tunavuta blanketi. Tutalala mpaka lini?

Sheria ya Maine inataka kila mtoto apimwe damu akiwa na mwaka mmoja, tena akiwa na miaka miwili. Wako amepimwa? Risasi ikikutwa imefikia kiwango kilichowekwa, jimbo linakagua nyumba na mwenye nyumba anaamriwa aondoe hatari. Anaamriwa, haombwi! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa huyu mtoto hauna fundi.

Mwaka 2021 serikali kuu ilitoa dola milioni 30 za kuujenga upya mtaa huuhuu. Nani atakaa katika nyumba hizo mpya, kwa kodi gani? Uliuliza? Safiya Khalid, binti wa Kisomali, alishinda kiti cha baraza la mji mwaka 2019, kwa hiyo usiniambie mlango umefungwa. Mwenye uraia, kura yako iko wapi? Usiye na uraia, nani amekukataza kuhudhuria kikao cha baraza?

Wiki hii mpeleke mtoto kliniki. Sema unataka kipimo cha risasi. Kiingereza kikikushinda, dai mkalimani. Karatasi ya majibu usiifungie kabatini. Njoo nayo barazani, uisome mbele yao, na uwaulize nyumba yako itasafishwa tarehe ngapi.