Wahadhiri wa Sanaa Wafunzwe Kuomba Fedha za Utafiti

Pana dhana iliyokita mizizi katika vyuo vikuu vyetu kwamba fedha za utafiti ni za wanasayansi. Mtaalamu wa mimea akipata ruzuku, hapana anayeshangaa. Mwalimu wa fasihi, historia, falsafa au lugha hutarajiwa kutosheka na kalamu na maktaba. Dhana hii ni potofu, na hasara yake ni kubwa.

Chukua mfano wa Kidahalo, lugha ya Kikushi inayozungumzwa na watu wachache sana katika pwani yetu ya kaskazini. Lugha hii ina sauti za vidoko, jambo ambalo ni nadra mno katika Afrika Mashariki. Mwanaisimu anayetaka kuirekodi kabla wazee wanaoijua hawajatoweka anahitaji nauli, vinasa sauti, malipo ya wasaidizi na kibali cha utafiti kutoka NACOSTI. Kalamu pekee haitoshi.

Fedha za kazi kama hiyo zipo. Mpango wa kimataifa wa kurekodi lugha zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2002 katika chuo cha SOAS mjini London na baadaye ukahamia Berlin, hufadhili kazi ya namna hiyo hasa. Hapa nyumbani, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, na kuagiza itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kupigania fungu hilo litolewe kikamilifu ni wajibu wetu. Hata hivyo, fungu lolote halimfikii asiyejua kuliomba.

Je, maombi ya wenzetu hukwama wapi? Aghalabu si kwenye maarifa. Mwanasanaa amezoea makala ambayo hoja yake hujitokeza polepole, baada ya historia ndefu ya mada. Ombi la ruzuku ni utanzu mwingine, nao una kanuni zake kama shairi lilivyo na vina na mizani. Msomaji wake ana maombi mengi mezani, na huenda si mtaalamu wa fani hiyo. Ataka kujua mapema: swali ni lipi, wengine wamelijibu kwa kiasi gani, litachunguzwa kwa njia gani na kwa muda gani, na kila shilingi itafanya nini. Kuandika "nitachunguza Kidahalo" hakumwambii lolote. Kueleza kwamba utarekodi masimulizi ya wazee, uyanukuu, uyatafsiri kwa Kiswahili na kuiachia jamii nakala zake, kunampa kitu cha kupima.

Ujuzi huu hufunzwa, hauzaliwi nao mtu. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kitivo cha sanaa kiwe na kikao katika kila muhula ambapo waliofaulu watawaonyesha wenzao maombi yao, pamoja na yale yaliyokataliwa na sababu zilizotolewa. Pili, kila ombi lisomwe na mtu wa fani nyingine kabla ya kutumwa, na mhasibu wa chuo ashirikishwe mapema katika kupanga bajeti. Tatu, wanafunzi wa uzamili na uzamifu wafunzwe utanzu huu darasani, ili wasianze kuupapasa wakiwa tayari wahadhiri.

Wapo watakaosema kwamba hivi mfadhili atatuchagulia la kutafiti. Hofu hiyo ina msingi. Lakini anayeburutwa kwa urahisi zaidi ni yule asiyeweza kulitetea swali lake kwa maandishi. Huyo hubaki kuwa msaidizi katika mradi uliobuniwa na mwingine.

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama huku si kujidhalilisha, ni kujifunza. Wazee wa Kidahalo hawatatungoja tumalize kunung'unika.