Nyumba Bila Hati ni ya Nani?



Tunaandika leo juu ya jambo linaloondoa usingizi katika nyumba nyingi za Shabunda na Bukavu. Mtu ametumika miaka mingi katika shimo la kasiterite au la dhahabu. Amejinyima, ameweka feza kidogo kidogo, amenunua kiwanja na kujenga. Siku moja anafika mwingine na karatasi mkononi, asema: Ondoka, hapa ni kwangu. Mwenye jasho anabaki na nini?

Tukumbuke tulikotoka. Tangu 1885 wakoloni waliandika kwamba ardhi waliyoiita tupu ni mali ya Serikali yao. Mfanyakazi alikaa katika kambi ya kampuni. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Ni amri ya tarehe 10 Februari 1953 iliyomfungulia Mkongomani njia ya kuwa na kiwanja na nyumba kwa jina lake mwenyewe. Uhuru ulikuja 1960. Sheria Bakajika ya 1966 ikarudisha udongo mikononi mwa Serikali ya Kongo, na sheria ya 20 Julai 1973 ikakaza: udongo ni wa Serikali, hauuzwi.

Basi anayekuambia "nakuuzia udongo" anakuuzia asicho nacho. Unachonunua ni nyumba, pamoja na haki ya kukaa juu ya kiwanja. Na haki hiyo, kwa sheria ile ya 1973, inasimamishwa na hati ya uandikishaji peke yake, ile tunayoiita sertifika.

Wengi wetu wanaamini kwamba karatasi ya kuuziana, yenye sahihi za mashahidi na muhuri wa shefu wa kartie, yatosha. Haitoshi! Karatasi ile inashuhudia kwamba feza zilitoka mkono huu zikaingia mkono ule. Muuzaji mwenye tamaa anaweza kuuza kiwanja kimoja mara mbili, na mnunuzi wa pili akitangulia kuandikishwa, wewe wa kwanza unakuwa wa mwisho. Tena usikawie kulalamika: sheria ile ilipotengenezwa upya mwaka 1980, iliweka miaka 2 tu, kisha sertifika haipingiki tena.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa feza, enda ofisi ya ardhi uulize kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, na kama kimewekwa rehani. Uliza majirani. Uliza pia mke wa muuzaji, kwani Sheria ya Jamaa ya 1987 yataka mume na mke wakubaliane wote wawili kabla ya kutoa kiwanja. Sheria hiyohiyo inamwachia mjane haki ya kutumia nyumba aliyokaa na mumewe. Ndugu za marehemu wanaomtoa nje kabla ya matanga kwisha wanavunja sheria, hata wakijifunika kwa neno la desturi.

Lakini hatuwatupii wananchi lawama yote. Katika shefferi za Bakisi na Wakabango watu wamejenga kwa desturi tangu mababu, na Katiba ya 2006, fungu la 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Mtu wa Lulingu atakanyaga matope siku ngapi ili kutafuta muhuri? Serikali inayodai hati ni lazima ilete hati karibu. Tunadai wapimaji wafike kwetu, na bei za ofisi zibandikwe ukutani wazi, watu wote wazisome. Na Serikali ikitaka kumwondoa mtu kwa faida ya wote, alipwe kwanza, na alipwe kwa haki, kama fungu hilo linavyoamuru.

Tena, tangu vita ilipoingia Bukavu Februari 2025, tumeona jinsi familia inavyoweza kukimbia usiku bila kitu. Nakala ya hati iwekwe kwa ndugu mwaminifu, mbali na nyumba.

Wenzetu, tusiende mmoja mmoja. Kila kartie iandike orodha ya viwanja vyake, ichague wajumbe, iwatume ofisini. Mtu mmoja hufukuzwa mlangoni. Kartie nzima itasikilizwa.