Mshauri Unayeweza Kumwambia Hapana



Tumezoea kuandika katika ukurasa huu habari za mishahara, nyumba za kambi, mavazi ya kazi na vidole vinavyoachwa kwenye mashine. Leo tunaandika habari ya maradhi yasiyotoa damu, nayo yamo viwandani na katika mashamba yetu ya miwa na chai hapa Uganda, ingawa wachache huyataja. Ni wasiwasi unaomkaa mtu mpaka anakosa usingizi, pamoja na ile tabia ya kusema ndiyo kwa kila mtu. Hayo mawili huenda pamoja mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Mwenzetu mmoja wa kiwanda cha sukari ametupa ruhusa tueleze mambo yake bila kumtaja jina. Ni mtu wa boila, fundi mzuri. Nyapara akimwambia, "Mwenzako hajafika, kaa zamu ya pili," alikaa. Shemeji akiomba karo, alitoa. Katika chama cha akiba na mikopo alitia sahihi ya udhamini kwa watu watano, maana hakuweza kumkatalia hata mmoja usoni. Wawili kati yao wakatoroka kazi, na deni lao likaanza kukatwa katika mshahara wake. Kambi nzima ilimsifu: huyu ni mtu mwema, hana neno na mtu. Naye usiku alikuwa akilala saa mbili tu, moyo unamwenda mbio, na king'ora cha asubuhi kikilia mikono inamtoka jasho. Akiitwa ofisini, hata kama ni kuchukua barua, tumbo lilimkata.

Alimeza dawa za malaria bila malaria kuonekana. Akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Jirani akamwambia amerogwa, akatoa mbuzi. Mwishowe akanunua vidonge vya usingizi dukani, akawa anavimeza kila usiku na kurudi kwenye boila na kichwa kizito. Wanaojua boila wataelewa hatari hiyo bila sisi kuwaeleza. Vidonge vya jamii ya Valiamu hutuliza kweli, lakini mwili huvizoea upesi, na kuviacha kwa ghafla huleta taabu mpya. Havinunuliwi kama peremende. Ni kazi ya daktari kuvitoa na kuviondoa.

Wako wanaosema kwamba mtu wa namna hii ni mwoga tu. Tunakataa. Mfanyakazi analala katika nyumba ya kampuni. Akifukuzwa kazi leo, vyombo vyake viko nje kesho. Kibarua husubiri jina lake lisomwe asubuhi, na anajua vizuri majina ya nani hayasomwi. Mahali kama hapo ndiyo si ujinga, ni ukuta ambao mtu amejijengea ili apone. Wengine walianza kuujenga wakiwa watoto, katika nyumba ambamo baba akirudi kila mtu alinyamaza. Shida ni kwamba hofu haijui kuchagua. Mtu aliyezoea kumwogopa meneja mwishowe humwogopa hata mdogo wake wa kuzaliwa.

Kwa hiyo ni lazima tutenganishe mambo mawili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kazi ya kawaida ni saa 48 kwa juma, na saa ya ziada siku ya kazi ilipwe mara moja na nusu. Anayelazimishwa zamu mbili mfululizo bila malipo hayo hahitaji kwanza mshauri wa moyo, anahitaji mwakilishi wa chama. Mwajiri asituletee mtu wa kutufundisha kuvuta pumzi polepole huku zamu ziko vile vile. Hiyo ni kumpaka dawa mtu huku unaendelea kumchapa.

Lakini tuseme kweli yote. Tawi lilikwenda ofisini, zamu za mwenzetu zikarudi katika utaratibu. Moyo ukaendelea kwenda mbio. Hapo tuliona kwamba kuna sehemu ambayo chama hakiwezi kuifikia kwa barua, akaanza kutafuta mshauri.

Wa kwanza alipatikana karibu, katika ofisi ya ustawi ya kampuni yenyewe. Mwenzetu alizungumza naye kwa saa nzima, akafungua moyo. Siku ya pili yake bwana mkubwa wa zamu akamwuliza mbele ya watu, "Nasikia kazi imekushinda?" Hatusemi kila mshauri wa kampuni huuza maneno. Tunasema kwamba kabla ya kufungua kinywa mtu ana haki ya kuuliza: wewe unalipwa na nani, faili langu linakaa wapi, na nani mwingine atalisoma? Mshauri mwema hakasiriki kwa maswali hayo. Akikasirika, amekwisha kujibu.

Wa pili alikuwa mzee wa heshima, mtu wa dini, mwenye roho safi. Alimpokea vizuri na kumpa mawaidha marefu. Mwenzetu aliitikia kila neno. Baada ya wiki tatu mzee akamwuliza kama anaendelea vizuri, naye akajibu kwamba amepona kabisa, anashukuru sana, Mungu ambariki. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameshindwa kumeza hata chai kwa wasiwasi.

Mtego uko hapo, na ndiyo sababu hasa ya sisi kuandika. Mgonjwa wa namna hii huenda kwa mganga wake na ugonjwa wenyewe mkononi. Atamridhisha mshauri kama anavyomridhisha nyapara. Atacheka penye kucheka, atakubali kila shauri, atasema dawa imefaa, kisha atarudi kulala macho wazi. Na mshauri asiye macho atafurahi kupata mgonjwa mtiifu hivyo. Maombi na mawaidha yana kazi yake, hatuyadharau, wengi wetu ndiyo yametuvusha. Lakini anayesema ndiyo kwa kila mtu hana haja ya mtu mwingine wa kumwambia la kufanya. Anao tayari, tena wengi mno.

Wa tatu alikuwa mama mmoja mwuguzi wa magonjwa ya akili katika hospitali ya serikali. Hakusema mengi. Mwisho wa siku ya kwanza alimwuliza: "Katika niliyokuambia leo, lipi hukulipenda?" Mwenzetu akasema yote mazuri. Akaulizwa tena. Alikaa kimya muda mrefu, ndipo akasema kwamba hataki kuandika mambo yake katika daftari kama alivyoagizwa, kwa sababu mkewe husoma kila kitu. Yule mama akacheka, wakatafuta njia nyingine: punje za mahindi mfukoni, kila anaposema ndiyo bila kupenda anahamisha punje moja kwenda mfuko wa pili, jioni anahesabu. Siku ya kwanza alihesabu kumi na moja. Anatuambia kwamba nafuu yake ilianzia kwenye lile daftari alilolikataa.

Baadaye alipewa kazi ndogo ndogo. Hakuambiwa akagombane na nyapara. Aliambiwa amwambie mwenye duka kwamba chenji haikutimia. Wiki nyingine amwambie rafiki kwamba hatakwenda kwenye pombe. Kisha shemeji. Kisha wale wa udhamini, na huyo alikuwa mlima. Nyapara alikuja mwisho kabisa, tena akiwa na mwakilishi wa chama kando yake. Namna hii ya matibabu si uzushi wa juzi. Daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, aliyetibu askari walioumizwa na hofu wakati wa Vita Kuu ya Pili, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958 kwamba mtu anayejizoeza kusema wazi yaliyo moyoni hupunguza hofu yenyewe, kwa kuwa hayo mawili ni vigumu kukaa pamoja kwa wakati mmoja. Kinachotakiwa ni kuanza na kidogo na kurudia.

Sasa mtauliza, watu kama huyo mama wanapatikana wapi? Katika hospitali za serikali ada ya matibabu iliondolewa mwaka 2001, isipokuwa katika sehemu za kulipia. Mtu aanze na kituo cha afya kilicho karibu, aeleze wazi kwamba ni usingizi na hofu, na aombe kutumwa kwa wahusika wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa. Akubali pia kupimwa mwili, maana moyo kwenda mbio huweza kutoka kwa upungufu wa damu, kwa tezi ya shingo au kwa pombe. Najua, mtasema, wakinituma huko watu watasema nimepelekwa Butabika. Hospitali ile ya Kampala iko tangu mwaka 1955, na jina lake limegeuzwa tusi la kambini. Ni tusi la watu wasiojua. Nchi ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua mahali pa sheria ya zamani iliyotoka wakati wa ukoloni, na kutafuta matibabu ya wasiwasi si kutangazwa kichaa. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi haya ya wasiwasi.

Tena Uganda si mgeni wa ushauri. Tangu TASO ianzishwe mwaka 1987 kwa ajili ya wenye ukimwi, watu wetu wamejua maana ya kukaa na mshauri na siri ikabaki siri. Wala si lazima awe mtu wa digrii. Katika vijiji vya Masaka na Rakai yalifanyika majaribio, na majibu yake yakatolewa mwaka 2003: vikundi vya wenye huzuni nzito vilikutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa kazi hiyo, na wengi walipata nafuu. Kule Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kuwasikiliza watu wakiwa wameketi kwenye benchi. Bibi anayejua kusikiliza ni bora kuliko bwana mwenye vyeti anayetazama saa.

Jambo la lugha ni zito kwetu. Kambini tumo watu wa West Nile, wa Kigezi, wa Busoga, wa Rwanda, wa Burundi na wa Kongo, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Baraza la mawaziri lilikubali Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini habari hiyo bado haijafika katika vyumba vingi vya ushauri. Mtu hawezi kueleza hofu yake kwa lugha ya kubahatisha. Na akiletewa mkalimani ambaye ni jirani yake wa laini, siri imekwisha. Ni haki kuomba mwingine, au kusubiri.

Mpe mshauri mikutano mitatu au minne, kisha jiulize kama umewahi kumpinga, na alifanyaje. Anayezungumza kuliko wewe, anayekusimulia habari za wagonjwa wengine, anayeahidi kukuponya kwa siku moja, anayetaka zawadi au mwili wako, mwache. Huna deni la kumwaga kwa heri. Kuna watu wetu walioendelea kwenda kwa mshauri mbaya mwaka mzima kwa kuona haya ya kumwacha, na hilo tunaliandika bila kucheka.

Kwa upande wa chama, tunataka mambo haya yaingizwe katika mapatano yajayo na waajiri: siku ya kwenda kwa mshauri ihesabiwe kama siku ya matibabu na ilipwe, mshauri asiwe chini ya ofisi ya waajiriwa, faili lake lisikanyage katika ofisi hiyo. Uganda iliridhia mwaka 2023 Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi la Kimataifa juu ya ukatili na unyanyasaji kazini, kwa hiyo matusi ya wanyapara si mila tena ya kuvumiliwa. Waajiri wakisema ni gharama, waelezwe hesabu iliyotolewa mwaka 2022 kwamba dunia hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka kwa huzuni na wasiwasi.

Na sisi wenyewe tusijifanye watakatifu. Yule mwenzetu wa boila ndiye tuliyekuwa tukimpa kazi ya kukusanya michango, kupiga mbiu ya mikutano na kubeba viti, miaka yote hiyo, kwa sababu hakuwahi kukataa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama ana nafasi. Mwaka huu tulimwendea tukitaka awe mweka hazina wa tawi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatukaribisha chai, kisha akasema hapana, jioni zake anazitaka kwa watoto wake. Tulikunywa chai tukaondoka, na bado tunatafuta mweka hazina.